Sauti ya Mashini Juu ya Neno la Bibi Mwanvua

Mama Emilienne mpendwa,

Ninaomba msaada wa kipindi chako cha redio, na ninauomba upesi kwa sababu siku zangu nimekwisha kuzihesabu. Kwenye barua hii jina langu ni Alimasi, majina yote nimeyabadilisha. Sioni tangu niko na miaka sita, lakini hakuna mutu wa Kasongo aliyenilisha: nilianza kwa kutengeneza radio kwa kupapasa, nikajifunza ordinateur, hii mashini yangu ya kompyuta, kwa kisoma skrini, ile programu inayonisomea kwa sauti kila kinachoandikwa kwenye kioo, na sasa ni mwaka wa kumi na moja ninarekodi harusi, matangazo ya msiba, hotuba za shule, kazi mia nne na kitu, na walionirudishia kazi wakilalamika ni watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa amelewa.

Sasa sikia yaliyonipata. Jirani yangu Rehema analima shamba la mtoni upande wa Lusangi, mwaka wa kumi na tisa huu, na kaka yake mukubwa Moustapha anasema marehemu baba yao alimwachia yeye, si Rehema, na aliyemsikia baba akisema ni mama yao peke yake, Bibi Mwanvua, ambaye iko Kabambare na miguu haimfikishi tena hata mlangoni, na kule kwake simu haishiki mtandao. Baraza la ukoo likasema neno la bibi lirekodiwe liletwe hapa Kasongo, na kama desturi yetu ilivyo, warithi wasiingie ndani muzee anaposema, asije mutu akadai alilishwa maneno. Moustapha mwenyewe ndiye aliyenichagua, akacheka mbele ya watu: "Mutumeni Alimasi. Huyu hata wakimkonyeza hataona."

Nikaenda, siku mbili kwa pikipiki, kuanguka mara tatu, mashini nimeikumbatia kama mutoto. Nikamwekea bibi mikro mbele, mimi nikavaa kaske, vile visikilizio vya kichwani, masikio yote mawili, nikafanya mikro isikike ndani ya kaske ili nipime sauti yake, na bibi alisema dakika arobaini na saba bila kukwama, huku kisoma skrini kikininong'oneza kama kawaida, saa, betri, nikadhani hiyo ni siri yangu mimi na kaske. Pale pale sikuisikiliza kazi. Betri ilikuwa inakufa, nikasema nitaisikiliza Kasongo, na Kasongo nilifika watu wamekwisha kukaa wananingoja.

Nikaipiga mbele ya watu thelathini. Sauti ya mashini iliingia mara ishirini na tatu, nimezihesabu baadaye, na mara ishirini na mbili haikudhuru kitu. Lakini dakika ya thelathini na moja bibi anasema, "Lile shamba la mtoni, mume wangu alisema ni la…", na mashini ikaropoka kwa Kifaransa, "Batterie, dix-neuf pour cent!", yaani betri imebaki asilimia kumi na tisa, na ilipomaliza bibi amekwisha kufika kwenye habari ya mbuzi.

Watu wakacheka. Moustapha akasema, "Kumbe shamba ni la Batterie! Basi Batterie aje alime." Kisha muzee wa baraza akaniuliza, "Alimasi, pale bibi alitaja nani?" Na mimi, Mama Emilienne, jina sikulisikia, mashini ililifunika hata masikioni mwangu, nikaona miaka kumi na moja inaanguka chini kama kikombe, nikajibu, "Pale bibi alisita tu. Alisahau."

Moustapha akasimama hapo hapo: "Mumesikia? Mama hana akili tena. Maneno yake yote yatupwe." Rehema akainuka. Nilisikia tu anafunga kitenge chake na kutoka.

Baraza limetoa siku kumi na mbili, mpaka Ijumaa baada ya sala. Pasipo neno jingine, shamba ni la mukubwa. Zimebaki siku tisa. Hervé, yule anayepiga picha karibu na soko, ananiambia, "Niachie, kaka, hiyo ni kazi ya macho, nitaenda na simu yangu." Inaniuma. Kaske nilivaa! Spika ilikuwa kimya kabisa! Mashini hiyo hiyo, wiki iliyotangulia, ilininakilia nyimbo za harusi saa sita nzima kutoka kwenye video, bila kosa hata moja. Sauti ilipita wapi? Nimwachie Hervé, nirudi mwenyewe, ama ninyamaze? Na lile neno nililosema barazani, ni dogo ama ni kubwa?

Alimasi, Kasongo

*

Baba Alimasi,

Pole kwa njia, pole kwa kuanguka mara tatu, pole kwa kuchekwa. Pole zimekwisha, sasa unisikilize.

Majina umebadilisha, lakini wanaume wasioona wenye ordinateur Kasongo nzima ni wangapi? Kwa hiyo jibu hili nakutumia wewe kwanza, kisoma skrini chako kikusomee. Hewani nitalisoma baraza likishakwisha.

Umeniuliza kama neno lako ni dogo. Umehesabu mara ishirini na tatu za mashini, ukasahau kuhesabu ya kwako, na ndiyo iliyoharibu kuliko zote. Mashini ilifunika jina moja. Wewe umefunika dakika arobaini na saba. Mama wa watu alisema bila kukwama, umeandika mwenyewe, kisha ukamvua akili mbele ya ukoo wake ili wewe ubaki fundi hodari. Unajua uchungu wa kuambiwa huwezi kwa sababu ya macho. Mbona ukampa bibi uchungu ule ule kwa sababu ya uzee?

Sasa kaske. Haikukusaliti. Nimemsomea barua yako Antoine, fundi wetu wa studio, naye alinikatiza kwenye nyimbo za harusi: "Ni hapo, mama!" Ili kunakili zile nyimbo uliiambia mashini irekodi kila sauti inayoitoa yenyewe, na hukurudisha. Kule Kabambare ilikuwa inarekodi kile kilichoingia kwenye kaske: bibi, kwa kuwa ulimpitisha humo, na kisoma skrini pamoja naye. Ungevaa kaske kumi, ingekuwa vile vile.

Fungua mipangilio ya sauti kwa vidole vyako, upande wa kurekodi, uchague mikro iwe ndiyo njia ya kuingilia, na ndani ya programu ya kurekodi uichague tena, maana ziko sehemu mbili na moja haiiambii nyingine. Zima ile ya kuisikia mikro kupitia mashini. Kaske ivae sikio moja, uipunguze, sikio la pili limsikilize bibi mwenyewe. Mikro ikae karibu na mdomo wake, mbali na kichwa chako. Ukishaanza kurekodi, nyamazisha kisoma skrini kwa vitufe vyake, ukirudishe wakati wa kusimamisha. Betri ijae kabla ya kuondoka. Na kazi uisikilize pale pale, mbele ya bibi, hata pikipiki ikikusubiri.

Hervé usimfukuze. Aende nawe, simu yake irekodi pembeni, iwe nakala ya pili. Mashini iendeshe wewe. Kiburi kitakuuma njiani, utazoea.

Bibi usimuulize, "Si ni Rehema?" Mwache aseme. Huenda jina ni la Moustapha, na hilo si juu yako. Lakini kabla ya mikro, mwambie ulichomfanyia, akutukane anavyotaka. Na kabla ya kupanda pikipiki pita kwa Rehema, kisha kwa muzee wa baraza, uwaambie bibi hakusahau kitu.

Zimebaki siku nane. Nne za njia, moja ya bibi, tatu uzihesabie mvua. Ya kufikiri haimo.

Jambo la mwisho. Leo, hapo ulipo, fanya jaribio la nusu dakika. Usiseme "moja, mbili, tatu." Sema: "Mimi Alimasi. Bibi Mwanvua hakusahau. Mashini yangu ilimfunika, na mimi nilidanganya baraza." Unaposema, bonyeza vitufe kisoma skrini kipige kelele kwenye kaske. Kisha sikiliza. Ukikisikia, mikro bado hujaichagua, rudi kwenye mipangilio, useme tena yote. Usipokisikia, faili hiyo usiifute. Ijumaa barazani ipige ya kwanza, ndipo umpishe bibi aseme.

Mama Emilienne