Aliyeshika Ubao wa Mume Wangu

Modena,
9 Oktoba 1960

Mpendwa binamu yangu Ersilia,

Pokea salamu za bibi harusi ambaye bado anaigeuzageuza pete kidoleni. Hujambo huko Rosario? Kifua cha mjomba kimepoa? Sisi wazima, na mimi nina furaha mpaka naona haya kuiandika.

Uliuliza Gualtiero wangu anashindania nini hasa. Ni Formula Junior, dada. Ilianzishwa hapa kwetu Italia miaka michache iliyopita ili vijana wasio na baba tajiri wajifunze mbio: injini itoke kwenye gari la kawaida, kama Fiat ya daktari wetu, mengine unajiundia. Mwanzoni walishinda vijana wetu tu. Mwaka huu wamekuja Waingereza na vigari vifupi, injini mgongoni mwa dereva, na mambo yamegeuka.

Sasa nikutolee donge langu. Huku mke ndiye husimama kando ya njia, akamshikia mumewe saa ya kupimia mizunguko na kumwonyesha ubao wenye nafasi yake kila anapopita. Wake wote, isipokuwa mimi! Wangu hushikiwa na Mirella, dada wa fundi wake, eti kwa kuwa amezoea. Mirella na kiuno chake, na miwani yake ya jua. Mimi niko jukwaani natafuna mkate na mama mkwe, na kila mzunguko mume wangu anamgeuzia shingo mwanamke mwingine. Niliomba mvua imnyeshee yeye peke yake.

Jumapili iliyopita Gualtiero alikuwa wa pili, nyuma ya Mwingereza. Mirella alipokiona kile kigari, akadhani ni cha mkiani kilichoachwa mzunguko mzima. Akaandika kwamba sisi ni wa kwanza. Mume wangu akapunguza mwendo ili asiichoshe injini, akamwacha mwingine ampite akidhani naye ni wa mkiani, akamaliza akipunga mkono kwa ushindi usiokuwapo. Wa tatu!

Nilimshukia Mirella, nikamwambia macho yake yalikuwa kwa dereva badala ya magari. Hakutikisika. "Haya, shika wewe, bibi harusi," akasema. "Tuone kama atakutazama."

Gualtiero akamvua ile saa, akanivika mimi shingoni.

Jana kwenye mazoezi nilisimama pale na gauni langu la buluu, midomo nimeipaka rangi. Akapita, akapita tena. Nikambusu hewani. Wapi! Anatazama namba tu, Ersilia, aliyeushika ubao hamwoni kabisa. Sijawahi kupuuzwa nikafurahi namna ile.

Nisalimie mjomba Amilcare, shangazi Pierina na Nives mdogo. Mungu awalinde nyote huko ng'ambo.

Nduguyo akupendaye na kukukumbuka,
Loredana