Soweto Sasa Ina Taa

Soweto, Mbeya

Kaka Idrisa,

Huku sote wazima, na baridi yetu unaijua. Mtaa umepata lami na taa. Wanangu wanasema jiji limependeza. Jirani yetu Violet anaililia ile mipera tuliyokuwa tukiiparamia tukitoka madrasa, maana imekatwa yote. Mimi nawaelewa wote.

Juzi mama alitoka kununua maziwa, akakawia. Nilimkuta amesimama nje ya geti letu.

“Binti, Soweto ni wapi?” aliniuliza.

“Ni hapa, mama.”

Akatikisa kichwa. “Hapa sipajui. Nipeleke kwa mwanangu Idrisa.”

Nilimshika mkono, nikamwingiza ndani taratibu. Kaka, toka huko Iringa uje. Jina lako bado analikumbuka.

Dada yako,
Shufaa