Ndala za Dada Kwenye Kura ya Ufuo

Jumatano, 7 Agosti

Dada,

Tumefika. Nyumba ya likizo ni ileile tuliyokuwa tukipanga na wewe ulipokuwa hai. Pazia la jikoni bado limelegea upande mmoja, na mkono wangu wa cherehani ukaniwasha nilishone. Shemeji aliingiza mabegi bila kutazama kuta. Mke wake mpya akafungua madirisha yote kama mwenye nyumba. Ni daktari wa meno. Kila nikicheka naona ananichungulia kinywani, basi siku hizi nacheka nimefumba mdomo. Moyoni namwita Bi Meno.

Mwanao alikuwa bafuni. Akaita, "Mama, sabuni!" Nikainuka, nikafika hadi mlangoni na sabuni mkononi. Kumbe aliyeitwa ni Bi Meno. Mimi ni Mama Mdogo, naelewa. Miguu ndiyo haikuelewa.

Gari la kukodi tumelipata kwa Jumamosi tu, kwa hiyo ufuo ni mmoja. Shemeji anautaka ule wa miavuli — viti vya kulalia, juisi inakufuata ulipo. Mimi nautaka ule wa mawe. Unajua kwa nini. Kile kidimbwi kati ya mawe, uliposimama ng'ambo mikono wazi ukamwambia mwanao: ukikua utavuka mwenyewe mpaka kwangu. Sasa amekua. Wakizoea miavuli, nani atakutaja tena?

Tulibishana kidogo, kwa adabu. Mwanao akatukata: "Tupige kura ya ndala."

Alhamisi, 8 Agosti

Mvua. Tumekaa ndani kutwa.

Bi Meno ameelezwa kura yako. Kila mtu anaweka ndala moja chini ya shuka, mtoto anafumba macho na kutoa moja, mwenye ndala ndiye anayechagua ufuo, na kununa ni marufuku. Shemeji alieleza kila kitu isipokuwa nani aliyeianzisha. Nikasubiri. Hakusema. Nikasema mimi.

"Na mwenye miguu inayonuka je?" akauliza Bi Meno. Mwanao alicheka mpaka akakohoa. Haikuwa ya kuchekesha kiasi hicho.

Halafu nguo ya kuogelea. Nimeishona mimi, ya buluu, mishono miwili kila pindo ili isifumuke. Bi Meno naye amenunua ya dukani, ina samaki wanaong'aa. Mwanao alizijaribu zote mbili mbele ya kioo, akasema, "Zote nzuri." Amejifunza wapi kusema hivyo?

Jikoni Bi Meno aliniuliza, "Dada, chumvi mnaweka wapi?" Dada! Mimi ni kitinda mimba. Maisha yangu yote nimekuwa mdogo wa mtu, hakuna aliyewahi kuniita dada. Nikamwonyesha chumvi kwa kidole.

Nina ndala zako kwenye begi. Huwa nazivaa nyumbani nikiwa peke yangu. Ule mkanda uliokatika nilikushonea kwa uzi mnene wa mabegi, na mwanao akijilaza miguuni pako alikuwa akiusugua ule mshono kwa kidole mpaka anasinzia. Kesho sitaweka ndala yangu. Nitaweka yako. Kidole chake kitaijua.

Ijumaa, 9 Agosti

Kura imepigwa baada ya chai. Shuka la maua, sakafuni. Niliisukuma ndala yako chini yake huku nikijifanya nakohoa.

Mwanao akafumba macho, akaingiza mkono. Nikaona shuka likitembea, kisha likatulia. Nilijua ameugusa mshono. Akakaa hapo muda mrefu, uso haukubadilika.

"Unachagua ndala au unapima mguu?" Shemeji akatania.

Mkono ukasogea. Ukatoa nyingine. Ya Bi Meno.

Dada, niliona giza. Bi Meno akaishika ndala yake kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ambebe, akamtazama shemeji, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Basi twende ule wa mawe. Nimeusikia sana. Nataka niuone."

Nimepata nilichokitaka, lakini kwa mkono nisioutaka. Angechagua miavuli ningemchukia kwa raha zangu. Sasa hata hilo amenipokonya.

Nilimfuata mwanao nje, alipokuwa akianua taulo. Hakusubiri nimuulize.

"Mama Mdogo, ile ilikuwa ya mama."

"Ndiyo."

"Niliijua. Lakini ningeitoa, baba angelia tena." Akakunja taulo, akanipa. "Na wewe pia." Akaelekeza kidevu jikoni, kwa Bi Meno. "Na yeye asingejua atazame wapi."

Nilidhani namkumbusha. Yeye ndiye anayetubeba wote watatu, Dada, na mabega yake ni membamba vile.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimekaa juu ya jiwe letu, daftari magotini. Maji ya kidimbwi ni maangavu, chini unaona mchanga. Shemeji amejifunika kofia usoni, anajifanya amelala. Nimevaa ndala zako zote mbili, waziwazi.

Mwanao amevaa ya buluu. Nilifurahi, mpaka nikaona ameweka ile ya samaki kwenye taulo, ya kubadilisha baadaye.

Bi Meno hajui kuogelea. Amepandisha gauni, anaogopa kila kinachomgusa kifundo cha mguu. Amekuja kuniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, hapa ndipo?" Nikasema ndipo. Akavua miwani, akakiinamishia kidimbwi kichwa. Nilitaka alifanye vibaya hilo jambo la kukuheshimu. Hakulifanya vibaya.

Sasa mwanao ameingia. Maji yamemfika kifuani. Ametazama ng'ambo, pale uliposimama, pako wazi. Amegeuka.

"Nani atanisubiri kule?"

Bi Meno ameinuka. Nami nimeinuka, naandika nimesimama, mwandiko unapinda. Tumetazamana. Jiwe la ng'ambo ni dogo, labda linabeba wawili wakishikana. Mwanao hasemi jina. Anasubiri, mikono imeshaelea juu ya maji.

Naweka kalamu, Dada, ili mkono wa kumshika Bi Meno uwe wazi. Ukitukumbuka huko uliko, anza na mimi.