Injini ya Sufuria

Gereji, Machakos
Jumapili, mchana

Kwako mke wangu Mwanaisha, mamake Zuhura,

Salamu zangu zikufikie hapo Msambweni, wewe na mtoto na wote wa nyumbani. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila mafua ya baridi ya huku hayaniachi, na miguu haitulii. Barua hii naiandika nikisimama na kuketi. Mara nachungulia mlangoni, mara nachemsha chai naisahau. Hujambo wewe? Goti la mama lapoa? Na ule mkorosho wa nyuma umezaa mwaka huu? Nijibu yote, usiniandikie "hatujambo" tu kisha ukanyamaza.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Umesema Zuhura amemwita mjomba wake Bakari "baba", na watu barazani wakacheka. Mimi sikucheka. Umesema pia, na maneno ni yako, "Ama urudi, ama utuite, mimi si mjane." Kweli, hukukosea. Basi keti nikueleze kilichonichelewesha kukujibu, maana nikikueleza nusu utasema nakutungia.

Unamjua kwa jina tajiri wetu, Mzee Kioko, mwenye malori ya kubeba mchanga wa mito ya huku kwenda Nairobi. Mzee huyu ana gari la spoti, jekundu lililopauka, alilolinunua kwa mzungu mmoja aliyefunga shamba lake upande wa Athi River. Gari lenyewe lina supachaja, yaani pampu inayozungushwa na mkanda, kazi yake kuisukumia injini hewa kwa nguvu ipumue kuliko mapafu yake. Injini ya zamani ilikuwa ya chuma, ikapasuka. Mzee akaagiza mpya kutoka ng'ambo, ya aluminiamu tupu, ikaja imefungwa kwenye sanduku la mbao. Kazi ya kuitia akanipa mimi. Akasema mbele ya watu wote: "Fundi, siku hii gari itatoka hapa ikinguruma, ile chumba ya nyuma ni yako. Lete bibi."

Mwanaisha, chumba hicho kina dirisha na sakafu ya saruji. Sasa kimejaa matairi, lakini mimi kila nikipita nachungulia na kuona kitanda kitakaa wapi na mtoto atalala wapi. Hapa ninapolala tuko wanaume wanne, wewe hapa hata kuketi huwezi. Na kupanga mjini mshahara wangu haufiki. Kwa hiyo nilipoahidiwa chumba, usingizi ulinihama.

Siku tulipofungua sanduku, gereji nzima ilikuja kutazama. Ile ya chuma tuliitoa kwa mnyororo na magogo matatu, wanaume sita tukitoa macho. Hii mpya Mutiso, fundi mwenzangu wa malori, aliisukuma kwa paja ikasogea. Akaigonga kwa kucha, akasikiliza. "Hii ni sufuria," akasema. "Mtu ya Mombasa, wewe unataka kuendesha sufuria? Hii itayeyuka kabla ifike Kyumbi!" Basi jina likashika. Hata wauza mahindi ng'ambo ya barabara waliniuliza, "Sufuria imeiva?" Mutiso huyo ukimpa spana atatia na bomba kwenye mpini wa spana ili akaze mpaka bolti ilie. Mara mbili nilimnyang'anya bomba. Nikamwambia aluminiamu haitaki ubabe, ukiikaza hivyo inang'oka meno. Akanuna siku nzima, akaniita daktari wa meno.

Tulikata, tukachomelea, tukaikalisha. Ikabaki supachaja. Ili ikae juu ya injini mpya ilihitaji bamba moja zito la aluminiamu lenye matundu, lililokuja ndani ya sanduku lile lile. Jumamosi nikalijaribu, likakaa sawasawa. Nikalitoa, nikaliosha kwa petroli, nikaliweka juu ya ukuta mfupi wa nyuma likauke, nikaenda kuswali.

Sasa sikiliza. Gereji hii ina desturi yake. Vipande vyote vya aluminiamu, pistoni zilizokufa, vifuniko vya giaboksi vilivyopasuka, huwekwa kwenye ukuta ule ule, na Jumamosi jioni Mama Ndunge huja akavizoa. Huyu ni mjane anayetupikia langoni, chini ya mabati, muthokoi, ile pure yao ya mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda. Vile vipande huvipeleka kwa mfua sufuria sokoni, naye humpa sufuria. Haulizi mtu, wala mtu hamwulizi. Na mimi, kwa haraka zangu, sikukumbuka ni ukuta gani, wala baada ya swala sikurudi kulitia stoo.

Jumatatu ukutani bamba hakuna. Tukapekua stoo, tukapekua chini ya malori, hakuna. Mzee Kioko akaja, akasimama katikati ya uwanja. "Funguo ya stoo iko na nani?" Iko na mimi. Wote wakanitazama. Akasema polepole, "Hawa watu ya Pwani nilionywa juu yao." Moyo uliniwaka, Mwanaisha. Wallahi ningekuwa na nyundo mkononi sijui ningefanya nini. Nikamjibu, "Mzee, limepotea mikononi mwangu, nitalipata." Akanipa mpaka mwisho wa juma, ama nifunge virago.

Mchana tukaenda kula. Mama Ndunge yuko pale, uso umemchanua, na mbele yake sufuria kubwa mpya inang'aa. Akaipiga kwa mwiko ikalia. "Hii Jumamosi mlinitupia kitu mzito sana! Fundi wa sufuria alifurahi, akaiyeyusha hapo hapo, akanipa hii kubwa." Nikalirudisha tonge sahanini. Mutiso akanitazama, nami nikamtazama. "Kwani ni nini?" mama akauliza. Mutiso akamweleza kwa Kikamba. Mama akashika kichwa kwa mikono miwili. "Aiii, mwaitu, mama yangu! Nimeua mtoto ya wenyewe!"

Nikuambie ukweli: niliwaza chumba. Nilimwona Zuhura mgongoni mwa Bakari. Nilijua nikienda ofisini nikasema neno moja tu, nimepona. Nilijua pia kwamba yule mama angefukuzwa langoni siku ile ile, maana mshika funguo wa kabla yangu alifukuzwa kwa gurudumu moja, na mama ana watoto watatu shuleni. Nikasimama. Mguu ulikwisha kuelekea ofisini, haki ya Mungu. Nilipogeuka nikamwona ameimwaga muthokoi yote kwenye karai, anaisugua ile sufuria kwa mchanga. Akaja akanitilia mikononi, ingali ya moto. "Irudishe tu vile ilikuwa," akasema.

Ebu fikiria! Irudishe vile ilikuwa, kama nguo iliyokunjwa vibaya. Mutiso alicheka, kisha akaacha kucheka. Yeye kwao ni Wamunyu, wanakochonga vinyago, baba yake mchongaji, babu yake mchongaji, naye alikimbilia spana kwa sababu vumbi la mbao lilimkohoza. Akasema, "Kwani hii sufuria ilitengenezwa na nani? Si ni mtu? Nitafutie ubao."

Tukatandaza kadibodi juu ya injini, nikapaka grisi, nikabonyeza kwa kidole gumba mpaka kila tundu likajichora. Chini ya supachaja vivyo hivyo. Mutiso akaketi na tezo ya marehemu baba yake akachonga bamba zima kwa mti, anakohoa na kuchonga, anatukana na kuchonga. Sijamwona mtu akikata mti kwa upole namna ile, na ni yule yule anayevunja bolti za malori. Tukaenda sokoni. Mfua sufuria akaushindilia mchanga kuzunguka ule mti, akautoa, akaivunja sufuria ya mama vipande vipande na kuiyeyusha. Mama Ndunge alisimama pale akitazama chombo chake kikiwa uji. Akajifunga leso upya.

La kwanza likatoka na mapovu, tukaliyeyusha tena. La pili likatoka zima. Nikalipiga tupa mpaka vidole vikatoka damu, nikalisugua kwa msasa juu ya kioo mpaka likalala bapa. Siku ile tulipowasha, Mzee mwenyewe alikaa kwenye usukani, nami kando yake. Ikakohoa mara moja, ikashika. Mluzi wa ile supachaja, Mwanaisha, meno yaliwasha! Punda wa muuza maji alikata kamba akaenda zake na mkokoteni. Tukateremka barabara ya Kyumbi, Mzee anacheka kama mtoto, mimi nimeikodolea macho boneti nikisubiri bamba lipasuke. Halikupasuka, kwenda wala kurudi.

Tuliposhuka nikamwambia, "Mzee, kile chumba, nianze kutoa matairi?" Akajipangusa jasho. "Chumba? Ngoja kwanza, fundi. Kuna gari ya ndugu yangu inakuja, hiyo pia ukiitengeneza tutaongea." Wala hakuuliza bamba lilipatikana wapi. Akaingia ofisini.

Nilizunguka ule uwanja nisijue nakwenda wapi. Hasira ilinipanda mpaka nikapiga teke sanduku la mbao. Nikajiambia, wewe Salimu, utangoja gari la ndugu, kisha la shemeji, kisha la jirani, na mtoto wako atakuwa ameolewa. Nikakusanya nguo zangu. Mama Ndunge akaniona langoni na furushi, akaniuliza naenda wapi. Nikamweleza yote, hata ya Bakari kuitwa baba. Alinisikiliza huku akikoroga ndani ya sufuria ya kuazima. Kisha akasema, "Nyumba yangu huko Mumbuni iko na chumba, kijana yangu alienda jeshi. Mwambie bibi yako akuje. Tutapika pamoja, na atufundishe hiyo mahamri unasifu kila siku. Kwani ulingoja Mzee akupatie bibi yako?"

Mwanaisha, furushi nikalitua pale pale. Nimekwenda kukiona. Ni kidogo, dirisha moja, paa linavuja pembeni, nitaliziba leo hii nikimaliza kuandika. Mutiso yuko nje ananingoja na ngazi, ameanza kupiga kelele.

Nisalimie mama, mwambie simnyang'anyi binti, namwazima. Nisalimie ami yangu Mwinyi, mwezeka makuti, na shangazi Mwanakombo anayetuuzia samaki. Bakari mpe mkono wangu na shukrani za kweli, maana mtoto hamwiti mtu baba bure. Amemlea, nami namjua mtu mwema nikimwona.

Basi njoo. Usingoje barua nyingine, panda basi la asubuhi, mimi nitakuwa Kyumbi, pale njia panda, kila basi la Mombasa likisimama. Beba nguo za baridi za mtoto. Na ile sufuria kubwa ya harusi yetu, ile uliyoapa haitatoka nyumbani, ibebe pia, uje umkabidhi Mama Ndunge kwa mikono yako miwili.

Wako asiyetulia,
Salimu, babake Zuhura