Kashata za Chumvi kwa Wakwe wa Butiama

Kamunyonge,
Musoma.
16 Septemba 2024

Mpendwa wifi yangu Eufrasia,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba karatasi hii ikukute umeketi, una afya, na una nafasi, maana habari ni ndefu. Hujambo huko Newala? Shemeji Stanslaus mguu wake unaendeleaje? Na watoto, bado wanajifanya watu wa Kusini, wakiona samaki wa ziwani wanauliza huyu ni nani?

Sisi huku ni wazima. Mama yenu bado analalamika magoti, ila yanamuuma wakati wa kwenda kuchota maji tu. Siku ya jumuiya yanapona yenyewe na anatutangulia njiani. Kaka yako Leodgar hajambo, anakula vizuri. Utaona huko mbele alikuwa anakula nini.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu kama tuko zama za ukoloni. Ni kwamba simu yangu ilifia kwenye sufuria. Nitafika hapo, usiniharakishe.

Wakwe walikuja, wifi. Wale wa Butiama, watu wa Clever, yule mwalimu wa Bunda anayetaka kumuoa Nyangi wetu. Habari ya ng'ombe iliishaga kwenye safari yao ya kwanza, kwa hiyo sasa lilikuwa limebaki jambo moja tu: harusi ni lini. Wao walitaka Desemba hii. Na Nyangi, kama unavyojua, amebakiza mwaka mmoja kumaliza uuguzi.

Clever mwenyewe hana shida, alishamwambia Nyangi amalize. Ila mbele ya baba yake mdogo anakuwaga mtoto. Huyo baba mdogo anaitwa Keraryo, ndiye msemaji wa ukoo wao. Anaongeaga mpaka mwenye nyumba ndiye anayetaka kuaga. Safari ile ya kwanza kaka yako alimkubalia hata mambo ambayo hayakuulizwa.

Na wewe unajua ilivyo kwetu. Mama wa binti kwenye kikao cha wakwe hana neno. Neno la wanawake linabebwa na shangazi, na shangazi yuko Newala anakula korosho. Wiki nzima nilikuwa najiuliza ni nani atakayemsemea mtoto wangu.

Nikasema basi, kama sina mdomo, angalau nina mikono. Ndipo nilipokumbuka yale maelezo uliyonitumia kwenye simu, pamoja na bahasha ya korosho za chumvi uliyoipakia kwenye basi. Uliandika, "Wifi, wakwe wakija usiwape mandazi kama uko msibani. Tengeneza hizi, haziokwi, ni friji tu. Zina utamu na chumvi pamoja." Wewe uliziita baa, jina la Kizungu. Mimi nilipoona ni karanga na asali vimeshikanishwa na kukatwa vipande, nikaziita kashata, tusipoteze muda.

Korosho zako nilizificha juu ya kabati, nyuma ya Biblia kubwa ya marehemu baba mkwe, mahali ambapo kaka yako hafikagi. Mwezi huo nikawa namwona anaisoma Biblia kila jioni. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikasema hatimaye mume wangu amefunguka. Siku ya kutengeneza kashata nikapanda kwenye kigoda, nikashusha bahasha. Ndani kulikuwa na chumvi na nusu ya korosho moja.

Nilimtazama tu. Yeye naye akatazama dirishani, akasema, "Mama Nyangi, si kinatakiwa kitu cha chumvi? Dagaa nao ni kitu cha chumvi." Wifi, ningekuwa na akili timamu ningekataa. Lakini nimeolewa kwa watu wa ziwani muda mrefu, na wakati ule nikaona maneno yake yana maana. Akaenda mwenyewe kuwakaanga mpaka wakakauka kau, akawatwanga kwenye kinu. Tukachanganya na karanga za kusaga, ufuta, shayiri ile ya kwenye kopo, na asali. Nikazipanga kwenye sinia, nikazipeleka kwenye friji la jirani yangu Flora, yule anayeuza juisi.

Umeme ukakatika muda huo huo. Asubuhi zilikuwa bado zimelegea, ukiinua kipande kinaning'inia. Na wageni walishapiga simu, wako Makutano wanakuja. Nikarudisha kila kitu kwenye sufuria, nikaongeza sukari guru, nikawasha moto. Najua ulisema haziwekwi motoni. Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje?

Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye dumu la mafuta ili nisome umeandika nini kuhusu kukata vipande. Nikakoroga kwa nguvu, nikaligonga dumu, simu ikateleza ikazama. Niliitoa na mwiko. Ikawaka kidogo kama inaniaga, ikazima. Tangu hapo nilipika kwa imani.

Kusema haki, zilikuwa tamu. Utamu unatangulia, chumvi inafuata, halafu kwa mbali kuna kitu hukijui jina ila unakitaka tena. Kasoro ilikuwa moja. Zilipopoa zilikuwa ngumu, na ukiitafuna inalainika na kushika, mpaka wewe na yenyewe mkubaliane nani amemuuma mwenzake. Nikajisemea wageni ni watu wazima, watajua la kufanya.

Basi wakaja, Mzee Mseti ambaye ndiye baba yake Clever, na huyo mdogo wake Keraryo. Mimi nikakaa mkekani karibu na mlango wa jikoni, nimekunja mikono. Keraryo hakungoja hata chai. Akasimama, akasema chuo hakihami, kipo tu, ila kijana anazeeka. Harusi ni Desemba. Binti ataendelea kusoma akiwa huko huko kwao.

Wifi, damu ilinichemka. Mimi na wewe tunamjua Gati wa Bugwema, aliambiwa maneno hayo hayo, neno kwa neno. Leo ualimu wake uko wapi? Anajua majina ya ndama wote wa boma, basi. Nikamkazia macho kaka yako aseme kitu. Akatazama juu ya dari, akafikiri, akasema, "Hilo nalo ni neno." Nilitamani kumfinya.

Hapo Nyangi akaingia na chai na sinia ya kashata. Akapiga magoti, akakaribisha. Mzee Mseti akachukua kipande, akakichovya kwenye chai taratibu, mtu mwenye subira. Keraryo alikuwa na haraka ya kuendelea kuongea, akaingiza kipande kizima mdomoni, akauma.

Taya hazikufunguka tena.

Kumbe ana meno ya bandia ya juu, jambo ambalo sisi hatukulijua. Yaliingia kwenye ile kashata yakakaa. Akijaribu kufungua mdomo, anasikia meno yanataka kutoka yote kwa pamoja. Kutema hawezi, maana chakula alichoandaliwa na binti wa watu ukikitema ukweni umesema binti humtaki. Kuingiza vidole hawezi, mama mkwe nimekaa pale namtazama, na mkwe haachami kinywa mbele ya mama mkwe. Akainua kidole kama mtu anayetaka kuendelea. Akasema, "Mmm."

Tukangoja. Akasema tena, "Mmm." Mzee Mseti akamwangalia mdogo wake, akaweka kikombe chini. Akasema, "Basi na mimi niseme kidogo." Na hapo ndipo nilipoisikia sauti yake kwa mara ya kwanza, tangu watu hawa waanze kuja kwetu.

Akasema mama yake Clever alifariki akijifungua mtoto mwingine. Walimpeleka zahanati, wakakuta mlango uko wazi lakini muuguzi hayupo, na kabla hajapatikana mama akawa ameshakwenda, na mtoto naye. Akasema, "Mimi Mungu akiniletea muuguzi nyumbani kwangu, nitamtoaje chuoni? Neno hili nimelitaka kulisema tangu safari ya kwanza. Sikupata nafasi."

Nililia, wifi, sikuficha. Kaka yako naye nikamwona anajifuta macho kwa kofia. Mzee akamuuliza Nyangi yeye mwenyewe anasemaje. Nyangi akajibu, sauti yake haikutetemeka hata kidogo, "Baba, nimebakiza mwaka mmoja. Nikimaliza nitakuja." Mzee akasema amesikika, harusi itangoja.

Keraryo akaruka kwenye kiti, akatikisa kichwa huku na huku, akasema, "Mmm, mmm, mmm." Mzee Mseti hata hakugeuka. Akatuambia, "Mdogo wangu naye anaunga mkono." Kaka yako akasema, "Hilo nalo ni neno." Na safari hii, wifi, nilimpenda.

Chai ya moto ndiyo iliyomfungua, baadaye sana, wakati sisi tumeshapeana mikono na Nyangi ameshaenda kuosha vyombo. Akauliza tumefikia wapi. Akaambiwa. Akamwangalia kaka yake, akaona mkubwa ameshasema, na kwao pia mkubwa akisema hakuna wa kufukua. Halafu akauliza hivi vitu vina nini ndani. Kaka yako bila aibu akasema ni korosho za Newala, zimetoka kwa dada yake. Kwa hiyo kama utasikia sifa zako Butiama, au lawama, ujue chanzo.

Wakati wa kuwasindikiza, Keraryo akiwa ameshatangulia kwenye pikipiki, Mzee Mseti alibaki nyuma akajifanya anatafuta fimbo yake. Akaniita pembeni kwa adabu zote. Akasema, "Mama Nyangi, zile kashata zimebaki?" Nikamwambia zipo, ila aziogope. Akasema, "Nifungie zote. Jumamosi tuna kikao cha ukoo kuhusu shamba, na nina mambo mengi ya kusema."

Nilimfungia.

Nyangi amesharudi chuoni. Harusi ikifika uje wewe mwenyewe ukae kwenye kiti chako cha shangazi. Nimekupenda siku zote, ila siku ile ndiyo nilijua ninavyokuhitaji.

Nisalimie shemeji Stanslaus, Lukas na Dorkas. Mama anakusalimia, anasema ukija umletee kitenge chenye rangi ya kuonekana kwa mbali. Flora naye anasalimia, umeme umerudi na friji lake limepona.

Mungu aliyemfunga mtu kinywa kwa wakati wake, akufungulie na wewe kila mlango uliofungwa, akuweke salama mpaka tuonane.

Ni mimi wifi yako akupendaye, mkwe wa watu wa Butiama kuanzia mwakani,

Gaudensia (Mama Nyangi)