Kolti Iliyofungwa kwa Gunia la Unga

Scobey, Montana
14 Oktoba 2018

Kwa dada yangu Arlys,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti ulilopasuliwa limeanza kukubali ngazi. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Lavonne anakusalimu sana. Amekutengea mitungi minne ya jeli ya matunda ya porini, yale makali uliyokuwa ukiyala mabichi mpaka midomo inageuka zambarau. Ngano iliingia ghalani salama. Baridi imeshabisha hodi. Asubuhi ya leo maji ya ng'ombe yalikuwa na utando wa barafu.

Najua umeshangaa kupata barua, maana mimi na wewe tumekuwa watu wa kadi ya Krismasi tu. Nina jambo la kukuambia. Nivumilie nilieleze tangu mwanzo, kwa sababu nikianzia mwisho mkono utakataa kuandika.

Unaujua ugonjwa wangu wa bastola. Miaka arobaini nimekusanya Smith, na Smith peke yake. Ninazo thelathini na moja katika kabati la vioo sebuleni, na hapa mjini jina langu ni Mzee Smith. Kila aliyeniuliza kwa nini sina hata bastola moja ya Kolti nilimwambia ni heshima kwa marehemu baba, aliyeapa kwamba Kolti haitaingia tena nyumbani mwake. Watu huridhika na jibu hilo, kwa sababu hakuna asiyejua kilichompata kaka yetu Merrill.

Jirani yangu Wendell Skaar yeye ni mtu wa Kolti. Kwenye maonyesho ya bunduki ya Glasgow, hapa hapa Montana, meza zetu hukaa pamoja kila mwaka, tukitaniana kama mashemeji. Lakini kwa miaka mitatu hivi nilikuwa nikitupa macho ya wizi kwenye meza yake. Zile Kolti za zamani zina buluu nzito, kama wino kabla haujakauka, na nilijikuta nikizitamani kwa namna iliyonitia hofu. Sikuwahi kuigusa hata moja mezani pake. Wendell aliniona, akaniambia mbele za watu, "Mzee Smith, unamkodolea macho mke wa mtu." Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikageukia meza yangu.

Mwezi uliopita tulikuwa Glasgow tena. Adhuhuri akaja mama mmoja mjane kutoka Opheim, Bi. Delphine Koski, amebeba kitu kifuani kama anayebeba kitoto cha paka. Alikuwa akiuza vitu vya marehemu mumewe. Wendell alikwenda kuchukua kahawa, basi mama huyo akakiweka mezani kwangu na kukifunua. Ilikuwa Kolti, imefungwa kwa gunia la unga lililochakaa. Nilitaka kumwambia asubiri mwenye meza ya pili. Badala yake nikainyanyua.

Unajua, Arlys, au labda hujui, kwamba bastola hizi mbili hufunguliwa tofauti. Smith unakisukuma mbele kile kitufe cha ubavuni, ndipo silinda, ile ngoma inayobeba risasi, itoke. Kolti unakivuta nyuma. Mtu aliyezoea Smith miaka arobaini huhangaika akishika Kolti mara ya kwanza. Kidole changu hakikuhangaika. Kilivuta nyuma, silinda ikatoka, nikaizungusha, nikasikia ule mlio wake. Wendell alikuwa amerudi, amesimama na vikombe viwili. Hakutania. Aliniuliza polepole, "Palmer, umejuaje?"

Nilikuwa nimeigeuza, na chini ya mpini nimeona herufi mbili zilizokwaruzwa kwa msumari: O.R. Oskar Rudvik, marehemu baba. Bi. Koski akaeleza kwamba mumewe aliinunua mwaka waliooana, 1961, kwa mkulima mmoja wa Scobey ambaye hakutaka hata kuishika. Aliwaonyesha kwa kidole tu gunia lilipokuwa, akaingia ndani.

Niliinunua. Lavonne aliniuliza imekuwaje nimevunja mwiko wangu, nikamwambia ni nzuri. Lakini tangu iingie nyumbani sikupata raha. Lavonne akifunga kabati la jikoni, nasikia silinda. Nikigeuza ufunguo wa trekta, nasikia silinda. Mara mbili nimemwona Merrill mezani, pale pale alipokuwa akikaa na kitambaa na chupa ya mafuta, ameinamisha kichwa anasafisha. Haniangalii. Hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwamba haniangalii.

Sasa nisikilize, dada yangu.

Ijumaa ile baba alikutuma uitoe Kolti garini, uzitoe risasi, uiweke juu ya kabati. Uliitoa. Uliziweka risasi kwenye kopo la kahawa, ukaenda kukamua. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilipanda kiti, nikaishusha, nikavuta kitufe, nikazungusha silinda ili niusikie ule mlio. Kisha nikachukua risasi moja koponi nione inavyokaa. Mama akaingia barazani na ndoo. Nikaifunga, nikairudisha juu, nikakimbilia nje kwa kuku. Risasi ilibaki ndani. Asubuhi yake Merrill aliishusha aisafishe, kama kila Jumamosi, ikafyatuka mkononi mwake.

Baba alipokuuliza, ulimwambia ulizitoa zote. Alikuuliza tena. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko, nakuona unavyohesabu kwa vidole. Ukasema, "Labda nilikosea kuhesabu, baba." Nilisikia unavyoanza kuamini jambo ambalo hukulifanya, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka hamsini na saba. Ulipoondoka nyumbani na sanduku moja nilikusindikiza mpaka barabarani, nikanyamaza. Baba alipokuwa anakufa alinishika mkono, akasema amekusamehe zamani ila hakujua namna ya kukuambia. Hata hapo nilinyamaza.

Sijawahi kusahau hata siku moja. Zile Smith thelathini na moja hazikuwa heshima kwa baba. Nilidhani nikijizungushia bastola za aina nyingine tu, ile moja haitapata njia ya kunifikia.

Nimekwisha kumwambia Lavonne. Alilia, kisha akakaa siku mbili bila kusema nami, na ana haki. Jumapili iliyopita, wakati wa kahawa baada ya ibada, nilisimama nikawaambia wote. Bibi Hjordis Lund, yule mwalimu wako wa shule ya Jumapili, aliweka kikombe chini na kusema, "Na sisi tulimsema msichana wa watu miaka yote hii." Hakuna aliyenitazama nilipotoka, isipokuwa Wendell, aliyenifuata akanifungulia mlango wa gari.

Kolti iko ndani ya gunia lake. Sitaiuza wala kuiharibu mpaka useme, kwa kuwa ni wewe uliyebebeshwa lawama.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Jumamosi ya tarehe 27 nitakuja Spokane kwa gari. Nadhani nitafika saa nane mchana. Nitakaa garini mbele ya nyumba yako. Ukitaka niingie, fungua mlango. Usipofungua, nitaiacha mitungi ya Lavonne barazani nirudi Scobey, wala sitakulaumu.

Nisalimie Rolf na Janelle. Najua wamekua wakisikia kwamba mama yao ndiye chanzo cha kifo cha mjomba wao. Waambie leo, kabla sijafika, kwamba mama yao alitoa risasi zote sita.

Ni mimi, mdogo wako,
Palmer