Viazi Vilivyoogeshwa

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, baada ya mavuno

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tunaamka, si haba. Mama miguu inamsumbua, ila mdomo mzima kabisa. Jana kanigombeza kutwa nzima.

Sasa nikwambie kuhusu ule unga wako wa kupaka mbegu, maana najua kaka amekupa habari nusunusu. Siku ulipomweleza, simu ilikuwa kwenye spika nami nilikuwa hapo hapo namenya viazi. Nilikusikia: humo mna kuvu na bakteria wazuri, wako hai, wanashikana na mizizi na kuisaidia kupata chakula ardhini. Mbegu zipakwe, zipandwe, basi. Kaka akaitikia "sawa, sawa" kama mtu anayeelewa.

Loo! Asubuhi ya kupanda namkuta ameshazipaka unga, kisha anazitumbukiza kwenye pipa la dawa ya kuua ukungu, ile ile ya miaka yote. Nikamwambia, kaka, unawaua hao! Akanijibu, "Kuvu ni kuvu tu. Mbegu haiendi shambani bila kuoga." Ndivyo alivyofundishwa na baba, na ndivyo atakavyokufa.

Mimi nikakung'uta mfuko, nikapaka mbegu zilizobaki kikapuni, nikazipanda mistari michache kule kwenye mfereji. Ungeviona, Profesa! Viazi vya kujaza kiganja. Kwingine kote tulichimbua vidogo kama gololi.

Ulipopiga kuuliza mavuno, kaka akakwambia unga wako ni bure na udongo umechoka. Mistari yangu hakuitaja. Nawe ukasema, "Basi kaka, kodisha shamba, wewe ndiye unayejua." Ndiye anayejua! Mimi ninayelima nilikuwa mlangoni na jembe mkononi, wala hukuuliza niko wapi. Iliniuma, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Kaka amemkodishia mfyatua matofali. Ameanzia kule kwenye mfereji, kwa sababu ya maji. Udongo wenye kuvu wako ndio anaoukanyaga na kuuchoma tanuruni, na moshi unanifikia humu ninapoandika. Akimaliza atatuachia shimo. Mama hatujamwambia. Kila asubuhi ananiuliza tunapanda lini, nami najifanya nina shughuli.

Mama anakusalimu sana. Wifi anakusalimu, na fundi cherehani jirani yetu bado anauliza utaoa lini. Kaka msalimie mwenyewe, namba yake si unayo?

Mungu akulinde, akupe afya, na akufungue masikio umsikie na asiyeshika simu. Ila usitume unga mwingine, mdogo wangu. Hatuna tena pa kuutia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,
Mama Jembe